Picha za Kifua na Mwendo wa Nimonia ya Virusi

Hapa Panda, mjini Likasi, wazee wengi wamefanya kazi migodini au viwandani. Picha ya kifua ikionyesha weupe, swali huzuka: je, ni vumbi la miaka mingi au ugonjwa wa juma hili?

Vumbi la mawe huacha vidoa vidogo, hasa sehemu za juu za mapafu, navyo havibadiliki siku kwa siku. Nimonia ya virusi ina mwendo. Tuchukue mfano wa korona, iliyothibitishwa nchini mwetu tarehe 10 Machi 2020. Katika picha za skana hewa huonekana nyeusi. Siku za kwanza hutokea ukungu mwepesi, mfano wa kioo kilichopuliziwa pumzi, hasa pembeni na chini ya mapafu yote mawili. Ukungu huenea, mistari hujitokeza ndani yake. Na yapata siku ya 10 tangu dalili kuanza, huweza kuwa weupe mzito unaoficha mishipa ya damu. Baada ya majuma 2, kwa anayepona, weupe hufifia polepole. Pengine huacha makovu.

Basi picha moja ni kama kitenzi kisicho na kiambishi cha wakati: tarehe ndiyo inayokikamilisha. Picha safi ya siku ya 2 haithibitishi uzima. Anayempeleka mgonjwa hospitalini na amweleze daktari mambo mawili: kazi aliyoifanya mgonjwa, na siku homa ilipoanza.