Studio Ipo Mlangoni

Chukua picha yoyote ya studio ya mtoto unayoipenda, umtazame mtoto huyo machoni. Ndani ya kila mboni kuna kidoa cheupe. Kikiwa kikubwa na cha pembe nne, mwanga ulitoka kwenye dirisha au kwenye taa iliyofunikwa kitambaa kipana. Kikiwa nukta tu, huenda ilikuwa flashi. Wazazi huniuliza wanunue taa gani na kamera gani, nami huanza kwa kuwaonyesha kidoa hicho.

Mwanga mpana ulio karibu huuzunguka uso, na kivuli chake hufifia taratibu. Mwanga mwembamba hukata kivuli kama kisu. Sasa pima mlango wako wa mbele. Taa chache sana za studio za mtaani zina upana huo! Sharti ni moja: jua lisipige ndani. Tumia mlango au dirisha la upande ambao jua halipo saa hiyo, na kama halikwepeki, tundika shuka jeupe jepesi mlangoni. Jua likipita humo, shuka lote linageuka taa. Nondo za dirisha zisikutie wasiwasi, maana pasipo jua la moja kwa moja hazichori mistari usoni.

Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Picha zake nyingi alizipiga uani kwa mwanga wa mchana, na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka lake la kitandani. Leo picha hizo zimo katika makumbusho makubwa ya dunia.

Mkalishe mtoto kwenye kigoda, hatua moja kutoka mlangoni, bega moja likielekea nje, kisha ageuze uso kidogo kuufuata mwanga. Shavu la pili litabaki gizani. Bandika karatasi nyeupe ya manila kwenye ubavu wa boksi kuukuu, umpe shangazi yake ashike upande huo wa giza, karibu kadiri inavyowezekana bila kuingia kwenye picha. Mwambie aisogeze, airudishe, aisogeze tena, huku wewe ukilitazama shavu. Utaona giza linayeyuka na kurudi. Mwenye kuliona hilo mara moja ameshaelewa nusu ya kazi yangu.

Zima taa ya dari, kwani rangi yake si ya mchana. Ukiiacha, shavu moja hutoka la njano na jingine la samawati. Ukuta wa kijani nao hupaka uso ukijani, basi mweke mtoto mbali nao.

Kwa nyuma, shuka la rangi moja lililopigwa pasi, likabanwa kwa vibanio kwenye kamba ya kuanikia nguo, linatosha. Kosa ninaloliona kila mara ni kumwegemeza mtoto kwenye kitambaa: kivuli chake kinaangukia hapo hapo na mikunjo yote inajitokeza. Mtenge nacho mita moja na nusu.

Simu ina tabia ya kukadiria mwanga kwa kuangalia picha nzima. Nyuma kukiwa kweupe, uso wa mtoto mweusi hutoka kama kivuli. Nyuma kukiwa kweusi, uso huungua. Gusa uso kwenye skrini, kisha pandisha au shusha mwanga kwa kidole mpaka ngozi ifanane na unayoiona kwa macho. Na hapa nawaomba akina mama: msimfute mtoto mafuta yote eti anang'aa. Ngozi yetu huonyesha umbo lake kwa ule ung'avu. Flashi ndiyo inayougeuza mabaka. Mwanga wa mlango huutandaza shavuni vizuri.

Futa lenzi, maana alama za vidole huweka ukungu. Chuchumaa mpaka kamera ilingane na macho ya mtoto, urudi nyuma kama mita mbili, kisha ukuze picha mara mbili. Ukimkaribia sana, pua na paji la uso huvimba. Mwenye kamera inayopangwa kwa mkono aweke kasi ya 1/250, kwani watoto hawatulii.

Mtoto mchanga asiyeweza kuketi alazwe kwenye godoro sakafuni, kichwa kikielekea mlangoni, mwanga umshukie kutoka utosini kwenda kidevuni. Ukitokea miguuni, uso wake hugeuka wa kutisha.

Mpige baada ya kula na kulala, na usimwambie "cheka". Muulize jina la paka wa jirani, au nani alimaliza uji asubuhi. Atafikiri kwanza, macho yakielekea mlangoni, kabla hajajibu. Bonyeza wakati huo anapofikiri.