Daftari la Pamoja: Ubia wa Kazi za Ofisi Miongoni mwa Asasi Zisizotafuta Faida

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii haimhusu mfanyabiashara pekee. Zahanati za makanisa, vikundi vya kuwatunza mayatima na vyama vya kuhifadhi mazingira huhitaji daftari vilevile. Asasi inaweza kudhoofika si kwa kukosa nia njema, bali kwa kuwa hesabu hazikufungwa kwa wakati, kodi ya mishahara haikuwasilishwa au ripoti ya mfadhili ilichelewa. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi asasi zinavyoweza kushirikiana katika kazi za ofisi, manufaa ya ushirikiano huo na masharti yake.

Maana na Sura za Ubia

Kazi za asasi hugawika katika mafungu mawili. Fungu la kwanza huonekana na umma: kutibu, kufunza na kulisha. Fungu la pili hufanyika nyuma ya pazia: uhasibu, malipo ya mishahara, uajiri, ununuzi, bima na utunzaji wa tarakilishi. Katika ubia unaozungumziwa hapa, asasi mbili au zaidi hufanya kazi za fungu la pili kwa pamoja, ilhali kila moja hubaki na jina, bodi na malengo yake. Kwa hivyo, ubia huu si muungano wa asasi.

Ubia huo una sura kadhaa. Asasi mbili zinaweza kumwajiri mhasibu mmoja, akawa huku siku tatu na kule siku mbili. Asasi kubwa inaweza kuzihudumia ndogo kwa ada. Aidha, asasi kongwe inaweza kuwa mlezi wa kisheria. Nchini Marekani, asasi ya Tides, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1976, hupokea fedha kwa niaba ya miradi isiyo na usajili wake yenyewe, huiwekea hesabu na kujilipa kwa kukata sehemu ya fedha hizo. Hatimaye, washirika wanaweza kuunda chombo kipya cha kuwahudumia wote.

Mfano wa MEDS

Sura hii ya mwisho ina mfano mzuri nchini Kenya. Mwaka 1986, Kanisa Katoliki, kupitia baraza la maaskofu wake, na Jumuiya ya Afya ya Kikristo ya Kenya (CHAK), inayoziunganisha hospitali na zahanati za makanisa ya Kiprotestanti, yaliunda shirika la MEDS jijini Nairobi ili kununua na kusambaza dawa.

Hoja iliyoyasukuma ni dhahiri. Zahanati moja ya mashambani hununua dawa chache mno kuweza kujadiliana bei na mtengenezaji. Zaidi ya hayo, haina uwezo wa kupima iwapo kidonge kina dawa iliyoandikwa kwenye kibandiko chake. Zahanati nyingi zikinunua kwa pamoja, bei hupungua, na maabara ambayo hakuna hata moja ingeimudu huwezekana. Maabara ya MEDS ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Vituo hulipia dawa vinazochukua, na malipo hayo hununulia shehena inayofuata. Makanisa hayo hayakuhitaji kukubaliana kuhusu mafundisho ya dini. Yalihitaji kukubaliana kuhusu ghala, bei na ubora.

Changamoto na Masharti

Hata hivyo, mchuma janga hula na wa kwao. Fedha zikifujwa katika ofisi ya pamoja, washirika wote huumia. Vilevile, asasi kubwa inaweza kuhudumiwa kwanza, ndogo zikasubiri. Siri za wafanyakazi zinaweza kuvuja. Na baadhi ya makarani huenda wakapoteza ajira. Isitoshe, gharama hupanda mwanzoni, wakati hesabu za zamani zinapohamishwa, kabla ya nafuu kuonekana.

Kwa sababu hiyo, ubia hudai mkataba wa maandishi unaobainisha ada, muda wa kila huduma na njia ya kujitoa. Fedha za asasi moja zisichanganywe na za nyingine, na mkaguzi atoke nje. Muhimu zaidi, bodi inaweza kukabidhi kazi lakini haiwezi kukabidhi wajibu. Chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Kenya tarehe 14 Mei 2024, kila shirika lililosajiliwa huwajibikia hesabu zake lenyewe, hata kama zimeandikwa na karani wa pamoja.

Hitimisho

Wakenya wamezoea harambee ya kuchanga fedha. Harambee ya daftari ni ngumu zaidi, maana humtaka kila mshirika amfunulie mwenzake hesabu zake, pamoja na madeni na makosa yake. Asasi isiyokuwa tayari kwa hilo ni heri ibaki na karani wake. Iliyo tayari itaokoa fedha na saa, na faida hiyo itamfikia yule ambaye asasi iliundwa kwa ajili yake: mgonjwa, yatima au mwanafunzi.