Segese, Mji wa Mpakani

Atokaye Kahama kwenda Kakola hupita Segese, katika Halmashauri ya Msalala, Mkoa wa Shinyanga. Mkoa jirani wa kaskazini ulikuwa Mwanza. Tangu mwaka 2012 ni Geita. Mipaka ilichorwa upya, lakini Wasukuma wa pande zote mbili hawakubadili undugu wala minada yao.

Mpaka ulio mzito hapa ni ule ulio baina ya jembe na sururu. Mkulima wa mpunga na mahindi huhesabu mwaka kwa mvua. Mchimbaji huhesabu kwa dhahabu, nayo dhahabu haina miadi. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na mwaka 2001 mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ukaanza kazi. Basi vijiji vya njia hii vimezoea wageni wapangao chumba, kisha wafungao virago wasikiapo habari ya mwamba mwingine. Wageni hao aghalabu hulipa vizuri (tusiwadhulumu), ila hawapandi miembe. Mwenyeji aliyejenga vyumba vya kupangisha juu ya shamba la babaye namwonea shaka: wakiondoka wapangaji, wanawe watalima wapi?