Ukiandika "Habari", Vim Ikaandika "bari"

Umeingia kwenye seva ya Linux kurekebisha mstari mmoja wa mipangilio. Faili inafunguka ndani ya Vim: hakuna menyu, hakuna kitufe cha kuhifadhi, na kipanya hakina kazi ya maana. Unaandika "Habari" kujaribu tu, lakini kinachoingia kwenye faili ni "bari", tena mahali usipopataka. Herufi mbili za mwanzo hazikupotea njiani. H kubwa iliamuru kishale kiende mstari wa juu kabisa wa skrini, na a ikafungua hali ya kuandika. Vim ilitii neno kwa neno.

Siri yote imo humo. Programu hii hufunguka katika hali ya amri, ambamo kila kitufe ni agizo. Ukitaka kuandika, bonyeza i ili uanzie pale kilipo kishale, a ili uanzie baada yake, au o ili upate mstari mpya chini yake. Ukimaliza, bonyeza Esc urudi kwenye amri. Ukipotea na hujui uko hali gani, bonyeza Esc mara mbili. Haina madhara yoyote. Kitufe cha kuogopwa ni Caps Lock. Ukikisahau kimewaka, j iliyotakiwa kukushusha mstari inageuka J, na J huunganisha mistari miwili kuwa mmoja.

Ubahili huu wa herufi una sababu. Mzazi wa Vim ni vi, iliyoandikwa na Bill Joy mwaka 1976 akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alifanya kazi kupitia modemu ya biti 300 kwa sekunde, yaani herufi 30 hivi. Kujaza skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja kwa kasi hiyo kunapita dakika nzima, kwa hiyo amri ndefu na mapambo yalikuwa anasa. Terminali yake, ADM-3A, haikuwa na vitufe vya pekee vya mishale. Mishale ilichorwa kwenye H, J, K na L, na ndiyo maana hadi leo h ni kushoto, j chini, k juu na l kulia. Anayehariri seva ya Ulaya akiwa Kigoma, kwa bando linaloelekea kuisha, ananufaika na ubahili huohuo.

Wanaofundisha Vim kwa karatasi ya amri hamsini za kukariri wanawaonea wanafunzi. Amri hizi hazikuumbwa moja moja. Zinaundwa kama sentensi, kitenzi kwanza, kisha kinachotendewa. Kitenzi d hufuta, y hunakili, c hufuta na kukuachia nafasi ya kuandika upya. Halafu w ni neno, $ ni mwisho wa mstari, G ni mwisho wa faili. Basi dw inafuta neno, d$ inafuta hadi mwisho wa mstari, na y$ bila shaka umeshaikisia. Weka namba katikati: d3w inafuta maneno matatu. Kitenzi kikirudiwa hushika mstari mzima, yaani dd au yy, na p hubandika ulichokata au kunakili. Vitenzi hivyo vitatu na vituo hivyo vitatu tu vinazaa amri tisa, na hukukariri hata moja kati yake. Ukiharibu, u inarudisha nyuma. Nukta inarudia badiliko la mwisho, na binafsi naiona ndiyo amri tamu kuliko zote.

Kutoka ni rahisi kuliko utani wake unavyovuma. Esc, kisha :wq kuhifadhi na kutoka, au :q! kutoka na kutupa mabadiliko. Usifunge tu dirisha kwa hasira, maana Vim itaacha faili ya akiba na kukupokea kwa onyo siku utakaporudi.

Vim yenyewe ni kazi ya Mholanzi Bram Moolenaar, aliyeitoa mwaka 1991 kwa kompyuta za Amiga. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, akishughulikia maji na usafi, kisha akaanzisha taasisi ya kukichangia. Hakuuza Vim, aliwaomba watumiaji wawakumbuke watoto hao. Alifariki Agosti 2023, lakini ukiandika :help uganda maelezo yake yanafunguka.

Kwa mazoezi, andika vimtutor kwenye terminali. Somo lake ni la nusu saa hivi, na linafunguliwa kwenye nakala, kwa hiyo futa na uvuruge utakavyo: ukilifungua tena litakuwa zima.