Maabara Kwenye Skrini: Je, Kila Mwanafunzi Anaingia?

Mzazi wa Dandora ambaye kijana wake amejiunga na chuo kusomea umeme, uuguzi au sayansi nyingine huenda ameanza kusikia habari za uhalisia pepe. Mwanafunzi huvaa miwani mikubwa inayofunika macho yote, akajiona yuko ndani ya maabara. Akisogeza mikono, vifaa navyo husogea. Akikosea, hakuna kinachoungua.

Ni teknolojia ya kuvutia, ila ina kasoro isiyotajwa sana. Mwanafunzi kiziwi hufuata somo kwa kumtazama mkalimani wa lugha ya ishara. Akishavaa miwani hiyo, hamwoni tena. Asiyeona haoni kilichomo. Mwenye mkono mmoja hukwama pale programu inapodai miwili. Wengine hushikwa na kizunguzungu, ulemavu au la.

Kuna njia nyingine, isiyo na mbwembwe. Mwaka 2002, mwanafizikia Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alianzisha mradi wa PhET katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Mradi huo hutoa majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta au tableti, bila malipo. Baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Jaribio likishapakuliwa saiba, mwanafunzi anaweza kulifanya nyumbani bila kununua bando.

Chukua lile la Kanuni ya Ohm. Ukiongeza volti, herufi V hukua kwenye skrini, na herufi I ya mkondo hukua pamoja nayo. Asiyeona husikia badiliko hilo likielezwa na programu ya kusoma skrini. Asiyeweza kushika kipanya hutumia vitufe vya kibodi. Si majaribio yote ya PhET yenye uwezo huu, kwa hivyo mwalimu aangalie kwanza.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kushinda vizuizi vinavyotokana na hali yake. Kaunti husimamia vyuo vya ufundi vya mashinani. Vyuo vikuu na taasisi za kiufundi ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Popote atakapokwenda kijana wako, kabla ya kulipa karo uliza: jaribio atalifanyaje, na mtihani wa vitendo je? Omba jibu kwa maandishi.