Vijisitu vya Hispania: Miti Ipo, Miche Haipo

Katika uwanda wa juu wa Hispania ya kati, baina ya mashamba ya ngano, shayiri na mizabibu, msafiri huona hapa na pale vijisitu vya kijani, vingine vidogo kuliko kiwanja cha mpira. Miti yake ni mialoni iitwayo na wanasayansi Quercus ilex, jamaa ya ile itajwayo katika Biblia, nayo haipukutishi majani hata wakati wa baridi. Vijisitu hivyo ni mabaki ya misitu iliyokatwa karne kwa karne ili kupata mashamba, kuni na makaa. Kwa macho ya mpita njia havina dosari. Lakini akiingia ndani na kuinama, aghalabu atakuta miche ni michache mno.

Mwaloni huu ukikatwa au kuungua huchipua tena kutoka shinani, hata shina moja laweza kuishi karne nyingi. Uhodari huo ndio unaoficha hasara. Kinachoendelea kuishi ni miti ile ile ya zamani, na kila mti ung'olewao hauachi mrithi.

Ajabu ni kwamba mbegu hazikosekani. Kokwa ya mwaloni haivumilii kukauka. Ikibaki juu ya ardhi hufa, kwa hiyo yahitaji kufukiwa. Mfukiaji mkuu ni ndege wa jamii ya kunguru, Garrulus glandarius, ambaye kabla ya baridi hubeba kokwa mamia ya mita na kuzifukia moja moja ziwe akiba yake. Zile asizozirudia huweza kuota. Panya wa msituni, Apodemus sylvaticus, naye huficha kokwa, ila huzila nyingi zaidi. Msitu mpana ukigawanyika vipande, ndege huyo huadimika katika vile vidogo, hali panya huongezeka. Mwaka 1997 Tomás Santos na José Luis Tellería, waliochunguza vijisitu vya namna hiyo, walieleza jinsi ulaji huo wa kokwa unavyopunguza miche.

Mche uliobahatika kuota hukabiliwa na kiangazi. Katika nchi za Mediterania mvua hunyesha zaidi wakati wa baridi. Julai na Agosti huwa kavu kabisa, na miche mingi hufa katika kiangazi chake cha kwanza. Ule ulio kivulini mwa kichaka huokoka mara nyingi zaidi kuliko ulio wazi. Basi mkulima afyekaye vichaka ili kijisitu kipendeze, au aingizaye kondoo bila kiasi, au alimaye kwa trekta hadi shinani, humalizia kazi iliyoanzwa na panya. Kupiga marufuku ukataji wa miti, peke yake, hakutoshi.

Mwaka 2008 José María Rey Benayas wa Chuo Kikuu cha Alcalá, pamoja na James Bullock na Adrian Newton, walipendekeza njia ya kati: kupanda miti ya asili katika mafungu madogo yaliyosongamana, yaliyotawanywa katikati ya mashamba. Mafungu hayo huchukua sehemu ndogo tu ya ardhi, na ndege hupata mahali pa kutua wakivuka kutoka kijisitu hadi kijisitu. Mkulima aendelea kuvuna shayiri yake katika eneo lote lililobaki. Nalo shamba likija kuachwa, mbegu za kulirudishia msitu zitatoka hatua chache tu.