Karti ya banki: andika matumizi siku ya kununua



Huku Bukavu na ku territoire za kandokando, pesa mingi ya koperative ingali inapita mukononi ao ku telefone. Koperative yenye inapata karti ya mkopo inaingia mu njia ingine: tunanunua leo, banki inalipa, kisha sisi tunarudishia banki. Hapo ndipo hesabu inaharibika upesi.

Tuchukue mufano. Tarehe 18 Machi, koperative ya kahawa inanunua mifuko ya dola 300 kwa karti. Tarehe 10 Aprili inarudishia banki dola 306, sababu kuko faida ya banki ya dola 6.

Mu programu ya ordinateri tunaandika hivi:

1. Tarehe 18 Machi: matumizi ya mifuko, dola 300. Upande mwingine: deni la karti, dola 300.
2. Tarehe 10 Aprili: deni la karti linapunguka dola 300; faida ya banki ni matumizi mapya ya dola 6; dola 306 zinatoka ku konti ya banki.

Matumizi yote ni dola 306, basi. Kulipa deni hakuko matumizi mara ya pili. Mwenye kuandika 300 mu Machi na tena 306 mu Aprili, anaonyesha dola 606. Faida ya wanamemba inapunguka ku karatasi, na dola 300 zenye hazina kazi zinaweza kuingia mu mfuko wa mtu.

Kosa lingine ni kungojea Aprili ndipo tuandike. Kama mukutano wa kugawa faida ni mwisho wa Machi, tutagawa dola 300 zenye tayari ni za banki. Nani atazirudisha?

Mambo ine ya kukumbuka:

– Kila fakture ilindwe, na nyuma yake tuandike kazi ya kile kitu.
– Kama ulilipa kwa franga, andika franga, na bei ya dola ya siku ile.
– Kutosha pesa ku karti hakuko matumizi. Deni linapanda, na kasha la koperative linapanda vilevile.
– Kama musimamizi alilipia kitu chake mwenyewe, tuandike kama deni lake kwa koperative.

Kila mwisho wa mwezi, tuweke karatasi ya banki kandokando ya ordinateri. Deni la karti liwe moja pande zote mbili. Kama hapana, tutafute mustari kwa mustari mbele ya kufunga mwezi.

Na wewe mwanamemba, hata kama haujue ordinateri, ku mukutano uliza tu: «Deni la karti leo ni ngapi, na fakture ziko wapi?» Ni haki yako, sababu deni hilo litalipwa na kahawa yako.